Hoteli ya ufukweni, na mnazi wa babu

Najua nimepotea, wengine mmeshaanza kuulizana kama nimeacha chuo. Sijaacha. Ni ile ripoti ya utafiti ya mwaka wa tatu ambayo kila ukiimaliza inarudi na wino mwekundu. Lakini leo siandiki habari za ripoti. Leo naandika habari za hoteli, na mtanivumilia maana itakuwa ndefu, na historia ndani yake imo nyingi tu. Si mnanijua.

Kisa chenyewe ni hivi. Sisi sita, tuliokaa pamoja tangu mwaka wa kwanza, tumekubaliana tukimaliza UE ya mwisho mwezi wa saba twende Unguja siku nne, tukapumzike kama binadamu wengine. Na kwa vile Mzanzibari kwenye kundi ni mimi peke yangu, kazi ya kutafuta hoteli nikabandikwa mimi, bila kura wala kuulizwa. "Wewe si kwenu? Tafuta ya ufukweni, lakini ufukweni kweli, mtu akishuka kitandani akanyage maji." Huyo ni dada yetu mmoja wa Moshi, ambaye bahari ameiona Coco na Kigamboni tu.

Basi bwana, Jumanne usiku kabla sijatafuta chochote, mmoja wao akatuma picha kwenye grupu. Hoteli ya Jambiani. Bwawa la kuogelea la buluu, vitanda vya kuotea jua, mchanga mweupe kama unga wa muhogo, na mnazi mmoja umeinama kuelekea baharini, umefungwa bembea ya kamba. "Hii hapa, kazi imekwisha!" Wakamimina makopakopa mpaka simu ikawa inatetemeka mezani. Mimi nikaikuza ile picha kwa vidole viwili, ingawa sikuwa na haja. Ule mnazi naujua. Una vidato vya kupandia, na kidato cha nne kutoka chini kimekwenda upande, kwa sababu siku kilipochongwa panga liliteleza likamkata mchongaji mguuni. Mchongaji alikuwa babu yangu.

Kwenye grupu nikajibu "pazuri" nikazima simu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizunguka maktaba badala ya kusoma vya mtihani, natafuta jambo moja: imekuwaje ufukwe wa kwetu, ambao zamani mtu mwenye uwezo asingekubali kupewa hata bure, ukawa ndio unalipiwa kwa dola?

Maana waliokuwa na uwezo wa kuchagua Unguja hawakuchagua upande wetu. Angalia Seyyid Said alipoanza kukaa Unguja kutoka Oman. Kasri lake la mwanzo lilikuwa Mtoni, pwani ya magharibi, kaskazini kidogo ya mji. Ndipo alipozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, yule aliyekuja kuitwa Emily Ruete na kuandika kitabu cha maisha yake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886. Anakieleza kibaraza cha baba yake kilichojengwa juu ya ufukwe kikitazama bahari, mzee akipita huku na huku kwa mawazo. Kwa lugha ya leo Mtoni ilikuwa hoteli ya ufukweni ya hadhi ya juu kabisa, ila mgeni alikuwa mmoja na watu wa nyumba yake. Waliofuata wakaendelea mulemule. Seyyid Barghash akajenga Marahubi mwanzoni mwa miaka ya 1880 (ikaungua 1899, nguzo bado zimesimama), na Chukwani upande wa kusini ya mji. Zote magharibi.

Kwa nini magharibi? Bandari ipo kule, majahazi yanaonekana yakiingia, na maji matamu yapo. Halafu nyuma ya kasri udongo ni mzito na mwekundu, unaotoa karafuu. Hapo ndipo hesabu yote ilipo. Karafuu ilipoletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 ilitaka udongo wenye kina, na udongo huo uko magharibi na katikati. Upande wa mashariki na kusini kwetu ni jiwe. Unachimba kipande cha mkono unakutana na matumbawe. Sisi tunaita uwanda, na maweni. Unapanda muhogo kwenye mwanya wa jiwe, ukiwa na bahati unapata mahindi kidogo na mtama, basi.

Wanahistoria wa Zanzibar, akiwemo Profesa Abdul Sheriff katika kitabu chake cha 1987 kuhusu watumwa, viungo na pembe za ndovu, wameeleza jinsi mashamba makubwa yalivyotanuka na kuula ule upande mzuri, na wenyeji, Wahadimu, wakazidi kubanwa kwenye upande wa jiwe. Mashamba yakalimwa na watumwa walioletwa kutoka bara. Mwaka 1872 kimbunga kikaja kikaangusha karibu mikarafuu yote ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana mpaka leo ukitaja karafuu mtu anafikiria Pemba. Kwetu kimbunga hakikuwa na mikarafuu ya kuangusha.

Kwa hiyo pwani ya mashariki ilikuwa pa kuishi kwa aliyekosa pengine, na mwenyewe alijua hivyo. Bibi yangu ananiambia nyumba zilikuwa zinajengwa nyuma ya minazi, kuikimbia chumvi na upepo wa kusi. Ufukweni penyewe palikuwa pa kazi. Ngalawa zinavutwa pale, nyavu zinashonwa pale. Wanawake wanafukia makumbi kwenye mchanga wa pwani, yanakaa miezi kadhaa yanaoza, wanayafukua, wanayaponda, wanapata usumba wa kusokota kamba. Harufu yake ukiisikia hutaisahau. Na samahani kwa mnaokula, ufukweni ndipo watu walipokuwa wakijisaidia pia, bahari ikija inasafisha. Ukimwambia mtu wa miaka ile kwamba atakuja mgeni atalipa alale hapo, atakuuliza huyo mgeni kafukuzwa kwao au vipi.

Mgeni wa kwanza kuupenda upande wetu kwa ajili ya kupumzika, nadhani, ni Mwingereza. Zanzibar iliwekwa chini ya ulinzi wa Uingereza mwaka 1890. Mjini walikuwa na klabu yao pale Shangani, jengo ambalo baadaye likawa Africa House, watu wanakwenda kutazama jua likizama. Kile kisiwa cha Changuu nacho kilijengwa jela ambayo haikuwahi kufanya kazi ya jela, ikawa karantini ya wasafiri, na nafasi ikipatikana Wazungu wakawa wanakwenda kupunga upepo. Lakini joto la mji likizidi, ofisa alikuwa akikata kisiwa mpaka Chwaka, pwani ya mashariki, ambako kulikuwa na nyumba za mapumziko. Unafika, unakaa barazani, unapigwa na upepo, Jumatatu unarudi ofisini. Ndiyo likizo ya ufukweni hiyo hiyo tunayoitaka sisi sita. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao hawakuhitaji kuuliza bei.

Hapa nitapita haraka maana mambo mengine mnayajua. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964. Ardhi yote ikawa ya serikali, watu wakagawiwa eka tatu tatu. Utalii haukuwa na nafasi kubwa wakati wa Mzee Karume, na mgeni aliyetaka kuja alichunguzwa. Cha kuchekesha ni hoteli kubwa ambayo serikali ya Mapinduzi iliamua kuijenga na ikafunguliwa miaka ya 1970: Bwawani. Jina linajieleza. Kisiwa kimezungukwa na fukwe pande zote, na hoteli ya fahari ikawekwa Funguni kando ya bwawa la matete! Nimewahi kucheka sana juu ya hili, lakini sasa naelewa kidogo. Kwa watu wale hoteli ilikuwa jengo. Ilikuwa zege, ghorofa, taa, ukumbi wa mikutano na dansi. Mchanga mweupe ulikuwa kila mahali, nani angeuita fahari?

Ufukweni kwenyewe, Shirika la Utalii lilikuwa na vijumba vya kupangisha Chwaka, Uroa, Bwejuu, Jambiani na Makunduchi. Bibi anavikumbuka. Anasema mgeni akija Jambiani watoto wote walikuwa wanakwenda kumtazama tu, anakula nini, anakaa vipi juani bila kivuli.

Kilichogeuza meza ni karafuu, ileile iliyotusukuma kwenye jiwe. Mnunuzi mkubwa alikuwa Indonesia, wanazitia kwenye sigara zao zinazoitwa kretek. Indonesia wakapanda mikarafuu yao wenyewe, na katika miaka ya 1980 wakawa wanajitosheleza. Bei ikaanguka vibaya, na serikali iliyokuwa ikitegemea zao moja ikabaki mikono mitupu. Mwaka 1984, Mzee Ali Hassan Mwinyi akiwa Rais wa Zanzibar, milango ya biashara ikaanza kulegezwa. Mwaka 1986 ikaja sheria ya kulinda vitega uchumi. Mwaka 1992 sheria mpya ya ardhi. Katikati ya miaka ya 1980 watalii walikuwa hawafiki elfu ishirini kwa mwaka. Mwaka 2000 walikuwa karibu laki moja. Mwaka 2024 walipita laki saba. Hebu zisome tena namba hizo halafu kumbuka kisiwa ni kilekile, jiwe ni lilelile.

Na mtalii hakutaka udongo mwekundu. Alitaka mchanga, upepo na minazi, yaani kila kitu ambacho mwenye shamba la karafuu alikidharau. Waitaliano wakajazana Kiwengwa na mahoteli yao yenye kila kitu ndani, mpaka vijana wa kule wakawa wanaongea Kitaliano kuliko Kiingereza. Wenye mabegi mgongoni, wasio na hela nyingi (yaani wanafunzi kama sisi), wakaenda Nungwi, Paje na Jambiani kwenye vinyumba vya wageni vya wenyeji. Halafu polepole wenye hela nao wakafuata.

Sasa nije kwenye minazi, maana hapa ndipo watu wa bara wengi hawaelewi. Kwetu ardhi na mti ni vitu viwili. Tangu zamani mtu anaweza kumiliki mnazi bila kumiliki mchanga uliosimama. Mnazi unarithiwa, unawekwa rehani, unagawanywa kwa ndugu. Baada ya Mapinduzi ardhi ikawa ya serikali lakini mnazi uliendelea kuwa wa fulani bin fulani, kila mtu kijijini anajua. Kwa hiyo mwekezaji anapokuja, ardhi anapewa na serikali, na mwanakijiji analipwa fidia ya kilichokuwa juu yake: mti, mazao, kibanda kama kipo. Ule mchanga wenyewe unaotazama bahari, ambao ndio mgeni anaulipia, hauna mstari kwenye ile karatasi.

Mwaka 2006 wakaja watu na kamba ya kupimia na daftari. Mimi mdogo, sikumbuki. Babu alikuwa na minazi 11 pale. Ikahesabiwa, akalipwa minazi 11. Sitaki nidanganye kwamba alidhulumiwa kwa mtutu wa bunduki. Alitia dole gumba mwenyewe, na kwa siku chache alikuwa mtu mwenye hela kuliko wote mtaani kwetu. Zikamuoza ami yangu, zikanunua saruji, zikaisha. Kwenye saruji mvua ikapita miaka miwili bila kuezekwa. Bati zilinunuliwa na bibi, kwa hela ya mwani.

Mwani nao una historia yake. Kilimo chake cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na waliokipokea kwa wingi ni wanawake. Unapigilia vijiti kwenye mchanga wa chini maji yakitoka, unafunga kamba, unaning'iniza vipande vya mwani, unavuna baada ya wiki kadhaa. Wanaume walisema bei ndogo, wakaacha. Wanawake wakaendelea, na kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza kushika hela ambayo hakuna mtu wa kuwauliza wameipeleka wapi. Aina inayolipa vizuri zaidi, cottonii, ilikuja kuanza kufa maji yalipozidi joto, wakabaki na spinosum ya bei ya chini. Bibi yangu bado analima. Umri wake hataki niuseme.

Kwa nini nimeuleta mwani kwenye habari ya hoteli? Kwa sababu ya saa. Wadau, mkichagua hoteli ya ufukweni Unguja kitu cha kwanza kutazama si bwawa wala nyota, ni maji. Bahari yetu ina bamvua na maji mafu. Bamvua ni siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu: maji yanapanda sana na kutoka sana, tofauti yake inakaribia mita 4. Upande wa mashariki, kwa sababu ya lile tambarare la matumbawe, bahari inaondoka kabisa, unaiona mbali kule kwenye mwamba inapiga nyeupe, ukitaka kuogelea utembee kilomita nzima. Na siku za bamvua maji kwetu hutoka karibu na saa nne asubuhi, yanajaa karibu na saa kumi jioni. Maji mafu yanakuwa kinyume: saa nne asubuhi yapo, na hayaendi mbali.

Kwa hiyo mgeni anayefika Jambiani wakati wa bamvua anaamka, anakunywa chai yake, anatoka na taulo, hakuna bahari. Kuna tope la mchanga, vijiti, na wanawake wameinama. Saa yake ya kuogelea ndiyo saa ya bibi yangu ya kazi. Ugomvi wote wa mwani na mahoteli, na siku hizi Paje mwani na wale wanaovutwa na vishada juu ya maji, ukiuchimba chini yake utaikuta ratiba hiyo. Wahoteli wanalalamika vijiti vinachoma miguu, mwani unanuka. Wanawake nao wanauliza bahari imeanza lini kuwa na mwenyewe.

Dada wa Moshi anayetaka kushuka kitandani akanyage maji, jibu lake kwa kweli ni Nungwi au Kendwa, ncha ya kaskazini. Kule chini kunadidimia haraka, maji hayakukimbii. Na Kendwa inatazama magharibi, kwa hiyo jua linazama mbele yako na kusi ya mwezi wa saba haikupigi usoni. Ila ni ghali, na kelele za usiku zipo. Angalieni pia ukuta. Hoteli ikiwa na ukuta wa zege au mifuko ya mchanga mbele yake, jua kwamba imejengwa karibu mno na bahari inaidai. Hiyo picha iliyopigwa na ufukwe mpana ilipigwa maji yakiwa nje, au miaka mingi iliyopita. Mwambie mwenye hoteli akutumie picha ya leo saa kumi jioni, siku ya bamvua. Akianza kusema mtandao unasumbua, umeshapata jibu.

Ile ya Jambiani ina ukuta. Naujua kwa sababu siku moja ya Idi, nikiwa na miaka 12, tulikuwa tunapita ufukweni na binamu zangu kwenda kwa shangazi. Njia ya kawaida ni ile ya juu, chini ya minazi. Askari akatuzuia, hakutukana, alisema tu kwa upole: piteni chini, wageni wamepumzika. Ilikuwa saa kumi na bamvua. Chini hakukuwa na chini, kulikuwa na maji na ukuta. Tukapita hivyo hivyo maji magotini, tumeshika gauni za sikukuu juu na viatu mkononi, na pembeni yetu, juu ya ukuta, mnazi wa babu. Mtoto mmoja wa Kizungu akatupungia mkono. Mimi nikampungia.

Basi. Juzi nikampigia simu bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Nikazunguka zunguka, habari za mitihani, habari za ng'ombe wa jirani, mwisho nikasema: "Bibi, wenzangu wa chuo wanataka tuje huko. Wanataka kulala pale kwa babu." Sisi nyumbani pale panaitwa kwa babu mpaka leo, jina la hoteli halitajwi.

Akanyamaza kidogo. "Kitanda pale bei gani?"

Nikamtajia.

"Kwa mwezi?"

"Kwa siku, bibi. Usiku mmoja."

Akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, nikamsikia anamwambia mtu pembeni, naye akaanza kucheka. Nikangoja. Aliporudi sauti ilikuwa nyingine.

"Na mnazi wa kidato, bado unazaa?"

Nikamweleza kwamba hotelini wanaziangua nazi zikiwa changa, zisije zikamwangukia mgeni kichwani.

"Basi huo si mnazi tena, nguzo hiyo," akasema. Halafu: "Wenzako waje. Mtalala mnapolala. Lakini tarehe hizo ulizosema ni bamvua, mie asubuhi nitakuwa pwani. Saa nne waje waniamkie huko huko."

Sikujua nimeruhusiwa au nimekatazwa. Nimelala na hilo jambo siku mbili. Nikitoa hoja za kimaktaba naweza kujishawishi upande wowote. Tukienda pale tunawapa hela watu walewale. Tukienda kwingine minazi 11 hairudi, na pale wanafanya kazi vijana wawili wa mtaani kwetu, mmoja jikoni mmoja bustanini, wanaosomesha wadogo zao. Babu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa akipita pale kila Ijumaa kuutazama mnazi wake kutoka chini kwenye mchanga, haingii, na hakuwahi kusema lolote baya. Hakuwahi kusema lolote kabisa. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kuliko angelalamika.

Kwa hiyo nimetafuta na nimepata sehemu tatu, nazileta mezani kama nilivyotumwa. Ya kwanza ni Kendwa, vyumba viwili vya watu watatu, maji yapo saa zote, hela itatubana na kula tutakula chipsi. Ya pili ndiyo hiyo ya kwenye picha. Nimewapigia, wana bei ya wakaazi, bado ni kubwa, lakini tukilala usiku mmoja tu tunaweza. Ya tatu ni nyumba ya wageni hapohapo Jambiani, ya mama mmoja wa kijijini, haina bwawa, ina feni na vyandarua na baraza ya makuti, hatua kama hamsini mpaka mchangani. Kwa bei ya usiku mmoja kule, sisi sita tunalala pale siku zote, na pweza wa nazi juu yake. Na Makunduchi ni jirani, Mwaka Kogwa husherehekewa mwezi huohuo wa saba, tukipatia siku tutaona watu wanavyocharazana migomba.

Tarehe kuzisogeza hatuwezi, bumu lina siku zake na dada wa Moshi ana harusi ya kaka yake. Kwa hiyo ni bamvua, na tukienda mashariki asubuhi hakuna kuogelea, nimeshasema. Asije mtu akanilaumu.

Kura yangu mimi ni ya tatu. Lakini niliahidi nitafuata wengi, nitafuata. Habari ya mnazi sijawaambia hata mmoja wao. Chumba kizima tunalala, tunakula sahani moja, na maneno yamenigoma mdomoni wiki nzima, ndiyo nikaona niandike humu maana najua wote watano mnapita. Nyie watano, mkishasoma msinipigie simu usiku huu, nina mtihani saa mbili asubuhi na bado sijagusa kipindi cha vita vya Majimaji.

Tukutane kesho saa mbili usiku chumbani kwetu tupige kura. Kila mtu aje na hela ya kianzio, na yule aliyekopa elfu kumi yangu ya chapati aje nayo pia.